Nchi Iliyochoma Breki Zake

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, ni kwa sababu ramani niliyonayo imetafunwa na panya mahali hapohapo. Iko mbali sana na kwenu. Wenyewe husema ni nchi ya amani, na wamelisema hilo mara nyingi mno, tena kwa vipaza sauti, hata haiwezekani likawa uongo.

Katika nchi hiyo mafuta ya magari yaliisha. Yaliisha kwa sababu yaliuzwa yote nje, na yaliuzwa ili nchi ipate fedha za kuagizia mafuta. Wataalamu walilieleza jambo hilo redioni kwa lugha tamu sana, na msikilizaji mmoja aliyepiga simu kuuliza swali alishukuriwa kwa swali lake zuri, wala hakusikika tena kwenye kipindi kile wala kwingineko. Basi Mkuu wa nchi, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Dereva Mkuu wa Taifa, akatangaza kwamba tangu siku ile serikali itakwenda kwa baiskeli, na wananchi wenye akili wataifuata.

Uzinduzi aliufanya mwenyewe, juu ya Mteremko wa Maendeleo, barabara pana inayoshuka kutoka ikulu hadi sokoni. Tangu utoto wake hakuwa amepanda baiskeli, na mahali breki zinapokaa alikuwa amepasahau. Alishuka kama jiwe. Akalipita jukwaa la mabalozi, akaipita bendi ya polisi, akaenda kuishia katikati ya nyanya za akina mama wa sokoni. Alipochomolewa mle, mwekundu tangu nywele hadi viatu, taifa zima lilinyamaza likingoja kuambiwa limeona nini.

"Mnadhani nimeshindwa kusimama?" aliuliza Dereva Mkuu, huku akitoa mbegu ya nyanya sikioni. "Nimekataa kusimama! Taifa linalosonga mbele halina haja ya breki!"

Makofi yaliyopigwa hapo yalisikika nchi jirani, ambako watu walidhani ni mvua ya mawe. Jioni ileile breki za mji mzima zilirundikwa uwanjani zikatiwa moto. Mipira ilinuka, chuma kikapinda, wananchi wakakohoa kwa furaha. Kuanzia hapo kukutwa na breki likawa kosa la kuhujumu maendeleo. Kengele zilibaki kwa mawaziri na watu wa kimo chao. Raia wa kawaida aliruhusiwa kusema "samahani" kwa mdomo, kwa sauti isiyozidi cheo chake.

Mmoja wa waliotupa breki zao motoni siku ile alikuwa Feruzi Makuka, dereva wa Waziri wa Usalama Barabarani. Zamani Feruzi aliendesha gari refu jeusi. Sasa aliendesha baiskeli ndefu nyeusi, na Mheshimiwa Songambele, waziri mwenyewe, alikaa nyuma yake kwenye keria iliyotandikwa godoro, mkono mmoja umeshika mwavuli na wa pili umeshika simu. Mheshimiwa alikuwa mtu wa kujaa. Wakipanda kilima, Feruzi aliuhisi uzito wa serikali magotini.

Feruzi alikuwa mwoga, na woga huo aliuhesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe. Katika miaka yake yote ya udereva hakuwa amemgusa hata kuku wa mtu. Breki za mkononi alizing'oa hadharani, akazitupa motoni akiimba pamoja na wenzake. Lakini baiskeli yake ilikuwa ya kizamani, ya aina ile ambayo ukikanyaga pedali kinyumenyume gurudumu la nyuma linakamata. Breki ya namna hiyo imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu na kwa macho haionekani. Wakaguzi walichungulia, wakaona pote ni peupe, wakampongeza. Feruzi akapokea pongezi akanyamaza.

Na barabara zilivyokuwa, mwoga alikuwa na mengi ya kuogopa. Palikuwa na wanaume waliobeba milango kwa upana, wakigeuka kusalimiana na kufagia wapita njia. Palikuwa na makarani waliosoma magazeti huku wanaendesha. Palikuwa na wale waliovuka kutoka upande hadi upande kwa sababu wimbo waliokuwa wakiuimba ulihitaji hivyo. Lakini waliowashinda wote walikuwa Kikosi cha Kufungua Njia, watu wazima wenye kofia nyekundu waliotangulia mbele ya misafara ya wakubwa wakilia king'ora kwa midomo. Kiongozi wao, Kamanda Tindo, hakushika usukani kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa na muhindi wa kuchoma, na wa kushoto aliuacha huru kwa ajili ya kuwazaba vibao waliochelewa kupisha.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya mkewe Siwema kuondoka kwenda kupika katika jiko la hospitali, Feruzi alimfuata hadi mlangoni akiwa na mafunzo.

"Usimwangalie mtu usoni," alimwambia. "Angalia gurudumu lake la mbele. Uso utakwambia anakwenda kulia, na gurudumu tayari linaelekea kushoto."

"Nimesikia."

"Ukiona nafasi kati ya baiskeli mbili, usiingie. Hiyo si nafasi, ni watu wawili ambao hawajagongana bado."

"Na nikimkuta mwenye muhindi mdomoni?"

"Huyo usibishane naye. Shuka kabisa, ingia mtaroni, simama mpaka apite."

Siwema alicheka akajikaza khanga kiunoni. "Baba Tunu, nikishukia kila mpumbavu wa mji huu, nitafika kazini wagonjwa wamekufa kwa njaa."

"Wagonjwa watangoja. Mimi mke mwingine sina."

Alicheka tena, akapanda, akaenda zake. Lakini Feruzi alisimama pale mlangoni akimtazama, na aliona kwamba mkewe alishika pembeni, pembeni kabisa, magurudumu yakigusa majani.

Ikafika Wiki ya Usalama Barabarani. Mheshimiwa Songambele alipangiwa kuifungua sokoni, chini ya Mteremko wa Maendeleo, kwa hotuba iliyoitwa "Kasi Ndiyo Usalama". Walichelewa kuondoka kwa sababu Mheshimiwa hakuafiki rangi ya mwavuli. Walipofika juu ya mteremko alikuwa anatokwa jasho la hasira.

"Feruzi, kanyaga!"

"Mheshimiwa, huu ni mteremko. Unatukanyagia wenyewe."

"Basi usiukatishe tamaa!"

Kikosi kilitangulia, midomo ikilia. Tindo alikuwa mbele ya wote. Alikuwa amegeuza shingo nyuma akiwasimulia wenzake kichekesho, na wenzake walikuwa wameanza kucheka kabla hakijaisha, kama ilivyo heshima kwa kamanda.

Huko chini, pembeni mwa barabara, alikuwa akishuka taratibu kwa baiskeli Bi Kidawa, fundi cherehani, na furushi la sare za shule alizokuwa akizipeleka kwa wenyewe. Alivisikia ving'ora, na kama mwanamke mwenye busara akatoka barabarani. Alikuwa ameshateremsha mguu mmoja majanini. Feruzi alimwona vizuri, akasema moyoni: huyu anajua. Papo hapo, Tindo, shingo bado iko nyuma, akaserereka kuelekea upande uleule wa majani, kana kwamba barabara yote ile pana haikumtosha.

Alimgonga. Yeye Tindo alirushwa akaangukia lile furushi la sare, akainuka, akajipangusa, akautafuta muhindi wake. Bi Kidawa hakuinuka. Alikuwa amelala kwa ubavu, katikati ya njia ya msafara, na wenzake Tindo walimpita huku na huku bila kukatisha king'ora.

Miguu ya Feruzi iliamua kabla yake. Ilikanyaga nyuma. Tairi likapiga ukelele ambao mji ule haukuwa umeusikia tangu siku ya ule moto, na watu waliokuwa hawajageuka kumtazama mwanamke aliyelala chini sasa waligeuka kutafuta ukelele huo umetoka wapi. Baiskeli ikasimama, gurudumu la mbele likikaribia kugusa nywele za Bi Kidawa.

Baiskeli ilisimama. Mheshimiwa hakusimama. Alipaa juu ya kichwa cha Feruzi, mwavuli ukiwa wazi, akaenda kutua katika mtaro wa machinjio.

Feruzi hakumfuata. Alipiga magoti barabarani akakiinua kichwa cha yule mama, akakiweka pajani mwake.

"Baba," alisema Bi Kidawa, "ulikuwa unaona? Nilikuwa pembeni."

"Nilikuona, mama."

"Pembeni kabisa. Mguu mmoja majanini."

"Majanini, ndiyo. Usiseme sana."

"Mwambie mume wangu. Yeye atadhani niliingia barabarani. Kila siku ananigombeza kwamba naendesha kama niko peke yangu." Alitaka kucheka, na hapo ndipo damu ilipomtoka.

Gari la wagonjwa, yaani mkokoteni uliofungwa nyuma ya baiskeli, lilifika haraka ajabu. Likampita. Kufuatana na itifaki lilikwenda kwanza mtaroni, kwa Mheshimiwa, aliyekuwa amechubuka kiwiko na kutapakaa utumbo wa mbuzi. Alilazwa humo kwa urefu na mapana yake, na nafasi ya mtu wa pili haikubaki. Liliporudi, Bi Kidawa hakuwa na haraka tena.

Tume iliundwa. Katika nchi ile tume huundwa upesi kuliko jambo lingine lolote. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Songambele mwenyewe, shingo imefungwa bandeji ingawa kilichochubuka kilikuwa kiwiko, na kwa kuwa alikuwa pia mlalamikaji na shahidi wa kwanza, watu wawili watatu walinong'ona kwamba huenda pakawa na upendeleo. Jambo hilo lilitatuliwa kwa uadilifu: viliwekwa viti vitatu, na Mheshimiwa alihama kutoka kimoja kwenda kingine kila alipobadilisha wadhifa. Kamanda Tindo, kwa upande wake, alikuwa ameshapandishwa cheo kwa ujasiri wa kutosimama.

Jioni ya kabla ya kikao, ofisa mmoja mpole alimtembelea Feruzi nyumbani. Alikunywa chai, akasifu mihogo, kisha akaeleza kwamba ule ukelele wa breki ulisikika na mji mzima, kwa hiyo breki lazima ilikuwepo. Swali lilikuwa moja tu, breki ya nani. Ikiwa ya marehemu, aliyejitosa katikati ya barabara akafunga breki mbele ya msafara, basi Feruzi ni shujaa aliyenusurika. Ikiwa ya mtu mwingine, basi huyo mtu mwingine amemwangusha waziri.

Ofisa alipoondoka, Siwema aliendelea kuchambua mchele bila kuinua kichwa.

"Umesikia?" aliuliza Feruzi.

"Nimesikia. Yule mama amekwisha kufa, Baba Tunu. Maneno hayatamgonga mara ya pili."

"Alikuwa pembeni. Kama wewe unavyokaa pembeni."

Mikono ya Siwema ilisimama kwenye ungo. Kisha akautikisa tena. "Sema wanachotaka, urudi nyumbani. Mimi si mke wa shujaa. Mimi ni mke wa dereva."

Feruzi alikubali. Tusimlaumu. Alikubali kwa moyo wote, na asubuhi alikwenda kwenye tume akiyarudia maneno yale njiani, namna mtu anavyorudia majina ya vitu alivyotumwa dukani.

Ukumbini alimkuta mwanamume mmoja mwembamba amekaa kwenye benchi la washtakiwa, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni. Alikuwa Bwana Hiza, mume wa Bi Kidawa. Katika nchi ile mshtakiwa akifa kesi haifi naye, humwangukia mwenzi wake, na Bi Kidawa alikuwa ameshtakiwa kwa kuizuia serikali na kuipinda baiskeli ya kamanda. Ule utepe ulikuwa wa marehemu. Pengine Bwana Hiza mwenyewe hakujua kwamba ameuvaa.

Ili kuokoa muda, hukumu ilisomwa kwanza, kisha mashahidi wakaitwa. Mheshimiwa alihamia kiti cha mlalamikaji, akalalamika. Akahamia kiti cha shahidi, akathibitisha. Akarudi kiti cha mwenyekiti, akajishukuru kwa ushahidi mzito. Halafu akaitwa Feruzi.

Feruzi alisimama. Maneno yote alikuwa nayo mdomoni, yamepangika. Lakini kabla hajayatoa, Bwana Hiza alimgeukia pale benchini na kumwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Ndugu yangu, wewe ndiye uliyekuwa naye? Kwani aliingia barabarani?"

Karani alimkemea anyamaze.

"Hakuingia," alisema Feruzi. Alijisikia akisema, akashangaa. "Alikuwa pembeni. Mguu mmoja ulikuwa majanini. Alisema nikwambie, kwa sababu ungedhani aliingia."

Bwana Hiza alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na ncha ya utepe ikamwangukia magotini.

"Na breki?" alinguruma Mwenyekiti.

"Breki ilikuwa yangu, Mheshimiwa."

Mtu angetegemea kwamba kusema kweli kungeleta shida katika tume. Hakukuleta shida yoyote. Tume ilikuwa na uzoefu na kila namna ya maneno, hata ya kweli.

"Kumbe uliona kando ya barabara," alisema Mheshimiwa Songambele, akaviunganisha vidole vyake. "Dereva wa serikali hutazama mbele tu. Wewe macho yako yalikuwa pembeni, kwenye majani, kwa wanawake. Kwa hiyo ajali hii imesababishwa na uzembe wa kuangalia. Ungekuwa huangalii, usingemwona. Usingemwona, usingefunga breki. Usingefunga breki, nisingeanguka. Pana mtu asiyeelewa hapo?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Bwana Hiza alihukumiwa kusimama kando ya barabara na kupiga makofi kila sikukuu ya taifa mpaka mwisho wa maisha yake. Feruzi alihukumiwa kutangulia mbele ya gwaride la baiskeli Siku ya Maendeleo, kuushuka mteremko wote mikono ikiwa juu, ili taifa lione mhujumu aliyerekebika. Gurudumu lake la nyuma lilifunguliwa mbele ya wote na kile kitu cha aibu kikatolewa ndani yake. Kilikuwa kidogo, kimepakwa grisi. Wajumbe wa tume walikipitisha mkono kwa mkono wakisonya.

Siwema hakumgombeza. Alimwekea chakula, akakaa karibu yake mpaka amalize, na alipomaliza akamwuliza, "Tutafanyaje?" Feruzi aliona kwamba amesema "tutafanyaje", si "utafanyaje", na kwa mara ya kwanza tangu ajali ile alilia.

Kabla ya sikukuu alikwenda kuutembea mteremko kwa miguu, polepole. Katikati ya mteremko, upande wa kushoto, palikuwa na lundo kubwa la kokoto zilizomwagwa hapo kwa ajili ya kujengea sanamu ya Dereva Mkuu, ambayo haikuwa imejengwa kwa sababu mchongaji aliulizia ukubwa halisi wa kichwa akakamatwa. Feruzi alilitazama lundo lile kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa Bwana Hiza.

"Siku hiyo utapangwa wapi?"

"Juu, karibu na ikulu. Wapiga makofi wote wa adhabu hupangwa juu."

"Mnaweza kupiga makofi huku mnarudi nyuma?"

Bwana Hiza alimtazama, akafikiri. "Tunaweza," alisema. "Kila kofi, hatua."

Siku yenyewe ilipofika watu walisukumwa barabarani tangu asubuhi, kwa sababu picha za magazeti hupendeza watu wakibanana. Wa nyuma walipangwa nyuma, nao wakawasukuma wa mbele ili waone, na wa mbele wakajikuta wamekaribia katikati ya njia. Dereva Mkuu alikuwa roshani, ameketi. Nyuma ya Feruzi walisimama Tindo na kikosi chake, kisha mawaziri kwenye keria zao na miavuli yao, wote bila breki, wote wakitabasamu. Mheshimiwa Songambele alikuwa amepewa dereva mpya, kijeba asiyeona vizuri.

Bastola ikalia. Feruzi akainua mikono juu, mteremko ukamchukua.

Kule juu mambo yalikwenda kama alivyotumaini. Bwana Hiza alikuwa amewaambia wenzake wa adhabu, nao wakawaambia waliokuwa ubavuni, na safu zote mbili zilipiga makofi na kurudi nyuma, makofi na kurudi nyuma, hata njia ikapanuka mbele ya gurudumu la Feruzi kama kitambaa kinachochanwa. Maofisa walipendezwa na mshangilio wenye mpangilio namna ile. Lakini habari ile ilitembea kwa miguu, na baiskeli zilikuwa zinaruka. Kuanzia lile lundo la kokoto kwenda chini hakuna aliyekuwa ameambiwa. Feruzi aliwaona tangu mbali: akina mama, wazee wenye vibendera, watoto wa shule safu ya mbele, wamefunga barabara kabisa, wanacheka.

"Pisheni!" alipiga kelele. "Ondokeni! Hatuna breki!"

Walimpungia mikono.

Aliishusha mikono yake, jambo ambalo lilikuwa kosa jingine, akashika usukani. Akapeleka kisigino cha kandambili yake ya tairi kwenye gurudumu la mbele akakikandamiza kwa nguvu zake zote. Moshi ukatoka, kandambili ikaliwa, kisha kisigino chenyewe. Mwendo ukapungua kidogo, kidogo tu, ila ulitosha kumwezesha kukata kushoto. Alizama ndani ya kokoto mpaka kifuani. Alisikia mfupa wa mguu ukivunjika, sauti fupi kama ya kijiti. Akageuza kichwa akatazama nyuma, mkono mmoja juu, akidhani huenda mmoja wao akaelewa na kumfuata kwenye kokoto.

Hakuna aliyemfuata. Tindo alimpita akicheka, akiona kwamba mhujumu ameanguka. Mawaziri wakapita, miavuli ikivuma. Feruzi alifumba macho. Akavisikia ving'ora vya midomo vikishuka, vikishuka, kisha midomo ileile ikatoa sauti nyingine, na midomo mingine mingi ikaijibu.

Redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana kuliko za mwaka uliopita. Wananchi wote walioshiriki walipongezwa, na wale ambao hawakurudi nyumbani walipongezwa kwa namna ya pekee. Lundo la kokoto liliwekwa chini ya ulinzi. Mheshimiwa Songambele alizikwa kwa heshima zote, na nafasi yake haikuchukua muda kujazwa, kwani waombaji walikuwa wengi.

Siwema na Bwana Hiza ndio waliomchimbua Feruzi kwenye kokoto. Walimkalisha kwenye keria ya baiskeli ya Siwema wakamsukuma hadi nyumbani kwa njia ya mashambani, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa ili ioshwe. Bwana Hiza alikuja tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Alisema amekuja kumgeuza mgonjwa. Labda nyumba yake ilikuwa kimya mno.

Kisha wakaanza kuja wengine. Feruzi alipoona watu wanaingia uani na baiskeli zao alidhani wametumwa kumchukua. Walikuwa majirani. Walisalimia, wakampa pole ya mguu, wakatazama chini, na mmoja wao, muuza mkaa, akauliza polepole: ni kweli kwamba baiskeli inaweza kusimamishwa kwa kandambili? Feruzi, akiwa amelala mkekani, akamwonyesha. Wapi pa kugusa, wapi pa kutogusa, namna ya kuanza mapema, namna ya kumtambua kwa mbali mtu ambaye hatasimama. Siku nyingine uani palijaa. Siwema naye alifundisha, na alifundisha vizuri kuliko mumewe kwa sababu yeye alipiga watu vidole.

Alasiri moja aliingia mtu aliyevuta kofia ya majani hadi kwenye nyusi. Alisimama nyuma ya wote, akangoja zamu yake kama wengine, na watu walipomtambua waliondoka mmoja mmoja kimyakimya mpaka uani wakabaki Feruzi mkekani, Bwana Hiza kwenye kigoda, na Kamanda Tindo na baiskeli yake.

"Nimekuja kujifunza," alisema Tindo.

Akaivua kofia.

"Mama yangu mdogo alikuwa safu ya mbele. Alikuwa ananipungia mtandio. Nilimwona tangu mbali. Nilimwona vizuri kabisa. Sikujua kitu cha kufanya."

Feruzi alimtazama bila huruma. Akamgeukia Bwana Hiza.

"Bwana Hiza, ukisema aondoke, ataondoka sasa hivi."

Bwana Hiza alilikunja na kulikunjua pindo la shati lake.

"Akiondoka ataenda wapi?" alisema mwishowe. "Atarudi barabarani hivyohivyo. Na Mama Tunu kesho anakwenda kazini." Aliinuka kutoka kwenye kigoda. "Mfundishe. Lakini mimi sitakaa hapa kumtazama akijua leo alichopaswa kukijua siku ile."

Akampita Tindo bila kumgusa, akatoka kwa miguu.

Tindo alikuwa analia, na Feruzi hakumwambia anyamaze. Alingoja mpaka nyayo za Bwana Hiza zisisikike tena nje. Ndipo akajiegemeza kwa kiwiko, akaukunja uso kwa maumivu ya mguu, akaigonga ardhi kando ya mkeka kwa kiganja.

"Lete baiskeli hapa," alisema. "Tutaanza na kushuka kumpisha mtu."